Mzee Gia na Sauti ya Chumba cha Pasi

Mtaa mzima ulimwita Kengele, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Huyu mama akinong'ona jikoni, wanaopita barabarani walikuwa wanageuza shingo. Kwenye kwaya ya kanisa walimpanga mstari wa nyuma, kisha wakamsogeza nyuma zaidi, karibu kabisa na mlango, na bado mwalimu wa kwaya alikuwa akimpungia mkono kumwomba apunguze kidogo. Hakukasirika hata siku moja. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kucheka, na kicheko chake kilianza kabla hujamaliza kusimulia kichekesho chenyewe.

Kazi yake ilikuwa udobi. Alifua uani, akaanika kwenye kamba zilizovuka ua kutoka ukuta hadi ukuta, na akapiga pasi kwenye chumba kidogo cha nyuma, chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, ndoo ya wanga wa kutia kwenye kola, na dirisha moja lililokuwa halifungi vizuri. Mashati ya walimu, makoti ya wauguzi, suti za maharusi, yote yalipita pale. Mume wake alikuwa fundi umeme, mtu wa maneno machache, pengine kwa sababu nafasi yote ya kusema katika nyumba ile ilikuwa imeshachukuliwa.

Nyuma ya meza ya pasi kulikuwa na ukuta wa plaiwudi. Na nyuma ya plaiwudi ndipo alipolala baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa dereva mstaafu wa malori. Alikuwa ameendesha malori maisha yake yote, hata alipoketi sebuleni akinywa chai mkono wake wa kushoto ulikuwa ukicheza juu ya goti kama anayebadilisha gia, ndiyo maana wakamwita Mzee Gia. Alikuwa mrefu, mkavu, msafi wa mavazi, mwenye utani mwingi na heshima zake. Mambo ya Mungu ndiyo hakutaka kuyasikia. Watu wakiinamisha vichwa kuombea chakula, yeye alishaanza kula. "Mimi chakula changu nimekitolea jasho," alikuwa akisema, "sijui kwa nini nimshukuru mtu mwingine."

Kengele aliolewa katika nyumba ile mama mkwe akiwa bado hai. Huyo alikuwa mwanamke mpole, wa sauti ya chini, na alimpenda Kengele kama mtoto wa kumzaa. Alipougua ugonjwa ambao hakuinuka tena, alimwita kando ya kitanda akamshika mkono.

"Mwanangu," alisema, "mzee wangu nakuachia wewe. Nimemwombea tangu tukiwa vijana, na sijaona kitu. Mimi naondoka, ila maombi yasiondoke nami. Umshike hapohapo nilipomwachia."

"Nitamshika, mama."

"Usichoke."

"Sichoki, mama."

Ilikuwa ahadi nyepesi kutamka. Baada ya msiba, Kengele akaanza. Kila asubuhi, chai ikishaondolewa mezani na mume ameshaondoka na begi lake la vifaa, aliingia chumba cha pasi, akachomeka pasi, na ikiwa inapata moto alianza kuomba. Aliomba akinyoosha mikono ya mashati, aliomba akigeuza kola, aliomba akinyunyiza maji. Aliwaombea majirani, kaka zake, wateja ambao jasho lao lilikuwa bado kwenye nguo, kisha akafika kwa baba mkwe, na hapo sauti ilipanda yenyewe.

"Bwana Yesu, mwamshe baba mkwe wangu!"

"Nimeshaamka!" sauti ilijibu nyuma ya plaiwudi. "Kwa kelele hizi nani atalala?"

Kengele akashika mdomo. Kumbe alikuwa anasikika! Hilo lilimshangaza yeye peke yake duniani. Alipojaribu kushusha sauti ilikaa chini kidogo tu, kisha ikapanda tena kama maziwa jikoni. Basi ikawa hivyo. Yeye huku anaomba, mzee kule anasikia, na mara kwa mara anasahihisha.

"Ulainishe moyo wake mgumu, Bwana..."

"Moyo wangu daktari ameupima, amesema mzima!"

"Umtoe gizani..."

"Hilo mwambie mumeo, taa ya huku imeungua tangu juzi!"

Kengele alicheka mpaka akaunguza kidogo mfuko wa koti la mtu, akahangaika kuutengeneza siku nzima. Lakini hakuacha.

Si kwamba hakukosea. Siku moja walikuja wageni, madereva wa zamani, wenzake mzee, na mazungumzo yakafika kwenye ajali za barabarani na wenzao waliokufa. Kengele, akiwa na sinia la vikombe mkononi, akaona nafasi imepatikana. Akahubiri. Alimhubiria baba mkwe wake mbele ya marafiki zake, kwa sauti ile ile ya kwaya, akamuuliza kama yeye angekufa leo angekwenda wapi. Wageni wakatazama vikombe vyao. Mzee akaweka kikombe chini. Alisimama, akachukua kofia yake, akatoka, na kwa siku kadhaa hakukaa mezani na mtu. Chai alipelekewa chumbani.

Mume wake ndiye aliyesema, naye aliposema ilikuwa mara moja tu. "Mama watoto, wewe uliachiwa kumwombea. Kumuaibisha hukuachiwa na mtu."

Maneno hayo yalimwingia. Akaenda akapiga hodi kwenye mlango wa mzee, akapiga magoti kwenye zulia.

"Baba, nisamehe. Nilikukosea heshima mbele za watu."

Mzee alikuwa akisugua viatu vyake. Aliendelea kusugua kwa muda. "Wewe mwanangu una moyo mzuri," alisema mwishowe, "ila una mwendo wa kasi kwenye kona. Sasa tukubaliane. Huko ukutani niombee utakavyo, sitakuzuia. Ila huku mezani usinihubirie. Mimi si gari bovu la kusukumwa."

"Nimekubali, baba."

"Na ukimaliza roho yangu, mwambie Mungu wako aguse na goti hili la kulia. Linanisumbua."

Tangu hapo Kengele akayashika makubaliano yale. Mezani alimmiminia chai na kumuuliza habari za usingizi. Ukutani alimpeleka mbele za Mungu mzima mzima, roho na goti pamoja. Miaka ikaenda. Watoto wakakua, wakaanza kazi, mmoja akaolewa. Plaiwudi ikabadilika rangi kwa mvuke wa pasi. Mzee akabaki Mzee Gia yule yule, anayekula wengine wakiomba.

Kulikuwa na vipindi vikavu. Msimu mmoja wa mvua ndefu, nguo zikigoma kukauka na wateja wakija juu, alijikuta anamwombea mzee kama mtu anayepitisha pasi baridi juu ya nguo: mkono unakwenda, mkunjo hautoki. Mwenzake wa kikundi cha maombi akamhurumia. "Dada, yule mzee si umwachie Mungu tu sasa?"

"Ndugu yangu," Kengele alimjibu, "na mimi kila siku nafanya nini? Namwachia huyohuyo!"

Walicheka, lakini aliporudi nyumbani alikaa juu ya kapu la nguo akamwambia Mungu ukweli, kwamba amechoka, na kwamba haoni dalili. Hakupata maono wala hakusikia sauti. Alichosikia ni mzee kule ng'ambo akikohoa, kikohozi kikavu cha mtu aliyelala kichwa chini mno. Akainuka, akampelekea mto wa pili. Kesho yake akaanza kuomba kutokea kwenye kile kikohozi. Na siku zilivyokwenda aligundua kwamba hamwombei tena "baba mkwe mwenye moyo mgumu." Anamwombea mzee anayeogopa sindano, anayeweka sukari nyingi akidhani haonekani, anayependa kofia yake ipigwe pasi kabla ya nguo za wateja. Alimpenda. Mzee akienda kutembea akachelewa, Kengele ndiye aliyekuwa akichungulia barabarani.

Halafu sauti ikaharibika.

Ilianza kama mafua, ikawa mkwaruzo, ikawa maumivu. Hospitali wakamwangalia kooni wakakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Vilitolewa kwa upasuaji mdogo, salama salimini, lakini daktari, mwanamke kijana asiyependa mchezo, alimkazia macho kabla hajamruhusu kwenda nyumbani.

"Mama, mpaka nikuone tena, kimya. Usiseme, usiimbe, usicheke kwa sauti. Hata kunong'ona hapana."

Mume akauliza taratibu, "Hata kunong'ona, daktari?"

"Hata kunong'ona."

Wanasema fundi alitoka pale akiwa na uso wa mtu aliyepewa likizo, ingawa yeye hulikana jambo hilo hadi leo.

Nyumba ikawa ngeni. Kengele alizungumza kwa mikono, na mume akatafsiri, na akatafsiri vibaya. Aliomba kisu akaletewa mswaki. Alimwonyesha kwamba mvua inakuja, atoe nguo kambani. Mume akamkumbatia, akidhani ameambiwa anapendwa. Nguo zikalowa. Asubuhi alisimama kwenye meza ya pasi na kuomba moyoni, midomo imefungwa, na kwake ilikuwa kama kutembea na viatu vya mtu mwingine. Alijua Mungu anasikia. Ila yeye mwenyewe alikuwa hajisikii.

Asubuhi moja, akiwa ameinamia shati jeupe, mlango ukasukumwa. Mzee Gia alisimama pale na kofia mkononi. Miaka yote ile hakuwahi kukanyaga chumba cha pasi.

"Mwanangu," alisema, "hujaniombea."

Kengele akaweka pasi wima, akatikisa kichwa kwa nguvu, akagusa kifua. Nimekuombea. Humu.

"Humu wapi? Mimi sijasikia kitu. Jana sikusikia, juzi sikusikia. Nalala pale nasubiri zamu yangu ifike, haifiki." Alikuwa akisema kama anayetania, lakini kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake. "Najua daktari amekukataza. Najua. Lakini kimya hiki nakijua mimi. Kimeshawahi kunipata."

Kengele akamsogezea kiti. Mzee hakukaa.

"Marehemu mke wangu alikuwa akiniambia habari za Yesu tulipooana. Siku moja nikarudi safari nimechoka, nikakuta watu wa kanisa wamejaa sebuleni kwangu. Nikawafukuza. Yeye nikamfokea mbele yao, nikamwambia sitaki kulisikia tena jambo hilo ndani ya nyumba hii. Na kweli sikulisikia tena. Alinyamaza mpaka anaingia kaburini." Kofia ikaacha kuzunguka. "Nikasema basi, amenikatia tamaa. Kama yule mwanamke, mwenye subira kuliko wote, alikata tamaa na mimi, sasa nani mwingine ataniweza? Ndipo ukaja wewe na makelele yako. Nilikuwa nakupigia kelele za utani, lakini nilikuwa nalala pale nikisema, kumbe bado kuna mtu."

Kengele alikuwa amesimama mdomo wazi. Kumbe mzee hakuwa anajua! Kengele alidhani siku zote kwamba anajua; nani asiyejua kwamba mke wake anamwombea? Maneno yote yalimjaa kooni, na koo limefungwa kwa amri. Akaanza kutikisa kichwa, hapana, hapana, hapana. Akamshika mzee mkono. Akaonyesha kidole cha pete, yaani mke wako. Akapiga magoti pale pale sakafuni, akaunganisha mikono, akainua uso. Akasimama, akachora jua likichomoza kwa mkono wake, akapiga magoti tena. Akasimama, jua likachomoza tena, magoti tena. Jua, magoti. Jua, magoti. Machozi yalikuwa yakimtoka na pumzi inamwishia.

Mzee alimtazama. "Marehemu?"

Ndiyo, kwa kichwa.

"Alikuwa ananiombea?"

Ndiyo.

"Kila siku?"

Ndiyo, ndiyo. Akajigusa kifua, akaonyesha kama mtu anayepokea kitu kutoka mikono ya mwingine, akapiga magoti yeye sasa, akamwonyesha mzee.

"Na ndiye aliyekuachia mimi."

Ndiyo.

"Hata baada ya siku ile niliyomfokea?"

Kengele akaitikia polepole, na mzee akaketi chini, si kwenye kiti bali juu ya kapu la nguo chafu, kofia yake ikaanguka. Alilia kwa muda mrefu, mabega yakitikisika. Kisha katikati ya kilio akaanza kucheka. "Mwanamke yule! Nikamfungia mlango wa mbele, kumbe yeye anapita wa nyuma kila siku!"

Hii ndiyo saa ambayo Kengele alikuwa ameisubiri. Yote aliyotaka kumweleza, maneno aliyokuwa ameyapanga miaka nenda miaka rudi, yalikuwa tayari, na hakuruhusiwa kutamka hata moja! Akaelekeza kidole nje, kwa mchungaji. Nikamlete?

"Huyo wa nini?" mzee akafuta macho. "Maneno mimi nayajua yote. Hukunihubiria mezani, lakini umenisomesha ukutani. Nayajua kuliko njia ya kwenda nyumbani." Akajaribu kupiga magoti, goti la kulia likakataa, Kengele akamsaidia, wakapiga magoti wote wawili kati ya kapu na ndoo ya wanga. Mzee akafumba macho, akayafumbua, akamwangalia mkwe wake. "Ninaanza naye hivyohivyo tu?"

Ndiyo, hivyohivyo.

"Bwana Yesu," alisema Mzee Gia, akasita. "Mimi ni yule. Yule ambaye hawa wanawake wamekusumbua kwa ajili yake. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilisema kila nilicho nacho nimekitolea jasho, lakini wewe ulitoa damu, na mimi hata asante sijasema. Nilimfokea mke wangu kwa sababu yako. Nina makosa mengi ya njiani, unayajua, ulikuwa unaona. Ulikufa kwa ajili yangu, ukafufuka. Huyu hapa amenieleza mpaka sauti imeisha. Naamini. Nichukue. Na usukani chukua pia, mimi nitakaa pembeni. Halafu mponye mwanangu koo lake. Amina." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Nimesema vizuri?"

Kengele alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili ili furaha isitoke na sauti. Mwili wake wote ulikuwa unacheka.

Mume wake akaingia wakati huo, amerudia kifaa alichosahau. Alimkuta mkewe ameshatoka mbio hadi ukumbini, uso umelowa machozi, anaruka. Kengele akamwonyesha chumba cha mzee. Akaonyesha juu mbinguni. Akaonyesha tena chumba cha mzee, tena mbinguni.

Begi la vifaa likaanguka chini. "Baba amekufa?"

"Nimekufa na nimefufuka!" sauti ilitokea chumba cha pasi. "Njoo uniinue, goti limenasa."

Fundi aliposikia habari yote aliliacha begi pale lilipoanguka. Alikaa sakafuni karibu na baba yake na kuegemeza kichwa begani kwake, mwanamume mzima mwenye mvi, na wakakaa hivyo huku shati jeupe likisubiri mezani.

Mchana wa siku ile chakula kilipowekwa, wote waliinamisha vichwa, na walipofumbua macho kijiko cha mzee kilikuwa bado kipo palepale. Alikuwa anasubiri amina. "Kumbe hakipoi sana," alisema, akaanza kula.

Alibatizwa miezi michache baadaye, amevaa shati ambalo Kengele alilipiga pasi kana kwamba litakwenda mbele ya mfalme, ingawa lilikuwa linakwenda majini. Mzee alipoibuka akamwambia mchungaji, kanisa zima likisikia, kwamba maji ni ya baridi lakini hana malalamiko. Sauti ya Kengele ilikuwa imesharudi kidogo, nzito zaidi na yenye mkwaruzo, na mwalimu wa kwaya, mwenye huruma za siku ile, akamwita mbele. Aliimba. Mwalimu hakumpungia mkono.

Siku hizi asubuhi kuna sauti mbili katika nyumba ile, moja kila upande wa plaiwudi. Mzee anamwombea utingo wake wa zamani, yule aliyekuwa msaidizi wake kwenye lori, mzee mwenzake sasa, mbishi wa kupindukia, anayekuja kila mara kucheza drafti. Mzee si mtu wa subira. Alipoanza kumwombea, wiki haikuisha akaja chumba cha pasi analalamika.

"Mwanangu, mbona huyu haokoki? Nimemwombea tangu Jumatatu!"

Kengele aliangua kicheko kile ambacho daktari alikuwa amemrudishia, akashika meza asianguke. "Baba! Tangu Jumatatu! Wewe tulikuombea mpaka tukapata wajukuu!"

"Haya, haya," alisema mzee, akajikuna kichwa. "Basi tuendelee."

Utingo amekuja leo pia. Wamekaa uani, ubao wa drafti katikati yao, mashuka ya wateja yakipepea juu ya vichwa vyao. Kengele anatandaza nguo kambani na kusikiliza.

"Gia, mbona unaniangalia hivyo?" utingo anauliza. "Unaniangalia kama unanidai."

"Sikudai kitu," mzee anasema. "Cheza."